Vidole vya Vendel Bognár

Hermina Grósz alikuwa kondakta wa tramu mjini Budapest, na abiria wa njia yake walimjua kwa ulimi wake. Asubuhi moja ya mvua aliponyoosha mkono kutoboa tiketi, mkono wa koti ukapanda, na bwana mmoja mwenye kofia ya bei akaziona namba alizochanjwa kwenye kambi ya Wanazi. Yule bwana akamwinamia jirani yake akanong'ona, si kwa kunong'ona sana, "Wayahudi hawa nao! Waliorudi ni wengi kuliko walioondoka."

Hermina akavuta kamba ya kengele. Tramu ikasimama katikati ya daraja, mto Danube ukipita chini, rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Shuka," akasema.

"Hapa? Na mvua yote hii?"

"Shuka, bwana. Sisi tulipanda behewa moja watu themanini. Wewe una daraja zima peke yako, unalalamika nini?"

Hakuna abiria aliyemtetea. Yule bwana alishuka na kofia yake. Hermina akapewa onyo kazini, na alipoulizwa na mkubwa wake kama anajutia, alijibu kuwa anajutia jambo moja tu, kwamba daraja lina kingo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nasema mapema ili msije mkadhani nawasimulia habari za mtakatifu.

Mimi naitwa Aranka, na kwa miaka mingi nilikuwa mtunza mavazi kwenye kampuni ya filamu. Mama yangu walimchukua hapa hapa Budapest, majira ya baridi ya mwaka wa mwisho wa vita, wakampeleka ukingoni mwa mto pamoja na wenzake, wakawavua viatu kwanza, ndipo wakawapiga risasi. Yangu ni hayo. Ya Hermina ndiyo ninayotaka kuyasema.

Alizaliwa kaskazini-mashariki, kwenye mji mdogo karibu na mto Tisza. Baba yake, mzee Izidor, alikuwa mtengeneza maji ya soda. Alikuwa na mashine moja, farasi mmoja kipofu wa jicho la kushoto, na chupa za kioo cha buluu alizopeleka kwenye vilabu vya mvinyo na nyumba za watu, Wayahudi na Wakristo bila kubagua. "Kiu haina dini," ndivyo alivyozoea kusema. Mama yake alikuwa mtu wa kuumwa kichwa na kuimba. Kulikuwa pia na mdogo wake, Ilka, mtoto wa uzeeni, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyevaa hereni ndogo za mawe mekundu alizoachiwa na bibi yao. Hakuzivua hata akioga.

Mwaka 1944, mara tu baada ya Pasaka yetu ya Kiyahudi, wakaja askari wa vijijini, wale wa kofia zenye manyoya ya jogoo. Wajerumani katika mji ule walikuwa wachache, wangeenea kwenye meza moja ya klabu. Kazi yote ilifanywa na Wahungari wenzetu, kwa lugha yetu, tena kwa adabu: "Tafadhali bibi, funguo." Wayahudi wote wakapelekwa kwenye kiwanda cha matofali nje ya mji, wakalala chini ya mabanda yasiyo na kuta.

Pale kiwandani kulikuwa na kibanda cha msimamizi. Askari walikipa jina la mzaha, walikiita hazina. Humo waliitwa wale waliodhaniwa kuwa wameficha dhahabu. Mzee Izidor aliitwa. Walimpiga nyayo kwa fimbo ya mpira mpaka akasahau jina la farasi wake, na dhahabu hakuwa nayo, alikuwa na chupa tu. Aliyeshika fimbo ni sajenti mmoja wa miaka thelathini na kitu, mwenye shingo nene na sauti ya upole, kama ya daktari wa watoto. Jina lake hawakulijua.

Siku ya kupanda treni, sajenti huyo huyo alisimama penye lango akiwapekua wanawake. Ilka alipofika mbele yake, akaziona zile hereni.

Ndani ya treni baba yao alikufa siku ya pili. Waliposhushwa kambini, mama na Ilka walielekezwa upande mmoja, ule ambao hakurudi mtu, Hermina upande mwingine. Alikuwa na miaka ishirini na mikono yenye nguvu ya kubeba makreti ya soda, na hiyo mikono ndiyo iliyomponya. Walimpeleka kwenye kiwanda cha mabomu huko Ujerumani. Vita vilipokwisha alirudi kwao, akabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yao, akafunguliwa na mwanamke aliyejifunga aproni ya mama yake.

"Ha! Wewe uko hai?" mwanamke akasema, kama mtu aliyeletewa hasara.

Hermina hakulala mji ule hata usiku mmoja. Akapanda treni kwenda Budapest, na huko akawa kondakta.

Kitabu cha hayo yote alikiandika mezani jikoni, akirudi kazini, akiwa bado na sare. Kilikuwa kitabu chembamba chenye maneno makavu. Nyumba ya uchapaji ilimpa mhariri kijana, mtu mwema, tatizo lake wema wenyewe. Alimwambia Hermina, "Bibi Grósz, kila kitu ni kizuri mno. Ila mwisho. Msomaji anahitaji kupumua. Labda ukurasa mmoja kuhusu msamaha?"

"Kusamehe ni haki ya mama na Ilka," Hermina akajibu. "Nenda kawaulize. Wakikubali, rudi uniambie, nitaandika hata kurasa kumi."

Kikachapwa bila ukurasa huo. Watu wakakisoma, wengine wakifunika jalada kwa gazeti. Na baada ya miaka mitatu mwongozaji wetu, Ottó Kelemen, akataka kukitengenezea filamu. Hermina alikubali kwa sharti moja, kwamba awepo kila siku ya kupiga picha, akae anapotaka, aseme anapotaka. Kelemen akakubali huku akicheka. Hakuwa amewahi kupanda tramu yake.

Tulihitaji kiwanda cha matofali cha zamani, na kilichopatikana kilikuwa ng'ambo ya Danube, upande wa pili kabisa wa nchi, nje ya mji unaoitwa Kerekvár. Ulikuwa mji wa zabibu na mabata, watu wake wakarimu. Nusu ya mji ilijiandikisha kuja kujazia picha, hawa wavae nyota ya njano ya Wayahudi, wale wavae manyoya ya jogoo, na jioni wote wakanywe pamoja. Hermina alikuwa akiwatazama kwa jicho la mtu anayehesabu tiketi.

Siku ya tatu au ya nne, asubuhi, mwoka mikate wa mji alituletea vikapu vya maandazi ya mwezi mchanga, yale ya chumvi na mbegu za kisibiti. Alikuwa mzee mnene, kipara, mashavu mekundu, anayependwa na kila mtoto, maana hakuna mtoto aliyepita dukani kwake akatoka mikono mitupu. Watu wakamvamia. Yeye akainua mikono, akasema kwa sauti ya upole:

"Taratibu, jamani, taratibu. Hakuna atakayeachwa."

Nilikuwa nyuma ya Hermina kwenye foleni. Niliona mgongo wake ukisimama wima kama ubao. Lakini alisogea, akapokea andazi lake, akasema, "Asante, bwana mwokaji," akanishika mkono, akaniingiza kwenye gari la mavazi.

"Aranka, funga mlango."

Nikafunga. Akaliweka lile andazi mezani, akalisogeza mbali naye kwa kidole kimoja.

"Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Sajenti. Maneno hayo hayo. Tulipokuwa tunapandishwa kwenye mabehewa, watu wanasukumana wasitenganishwe na watoto wao, akasema vile vile. Taratibu, jamani, hakuna atakayeachwa."

"Dada Hermina, ni miaka ishirini na zaidi. Maneno hayo hata mimi naweza kuyasema. Una hakika?"

"Uso wa mama yangu nimeusahau, Aranka. Nikifumba macho siupati. Sauti ile sijaisahau. Sijui nani anayegawa haya mambo, lakini hivyo ndivyo nilivyogawiwa."

Niliuliza kwa watu kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta umbea. Mwoka mikate anaitwa Vendel Bognár, mwenyeji wa hapo hapo, mwana wa mwoka mikate. Wakati wa vita? Alikuwa mbali, mashariki, jeshini, akatekwa na Warusi, maskini. Hayo ndiyo waliyoyajua. Na yaliingiana, kwa sababu wale askari wa manyoya hawakupangwa kamwe kwenye mikoa yao wenyewe, ili wasije wakamwonea huruma mtu wanayemjua.

"Twende polisi," nikamwambia Hermina.

"Nikaseme nini? Atasema kambi ilimharibu akili huyu mwanamke. Na mji mzima utamwapia, kwani ndiye anayewaokea mikate ya harusi. Mimi sitaki kumshtaki, Aranka. Nataka ajishtaki mwenyewe." Kisha akashusha sauti. "Kuna jambo sikuliandika kitabuni. Niliandika kwamba askari alimvua Ilka hereni, basi. Namna alivyomvua sikuandika. Hiyo nilijiwekea."

Akaniambia. Nitawaambia mahali pake.

Siku ile ile alikwenda posta akampigia simu binamu yake, Fáni, aliyekuwa nyuma yake langoni siku ile na aliyerudi pia hai. Fáni alikuwa anaishi mji wa Miskolc, ameolewa, ana moyo mbovu. Hermina alimwambia tu, "Njoo. Usile kitu kizito njiani."

Bahati ilimsaidia. Mwigizaji aliyeletwa kutoka Budapest kuwa sajenti alikuwa mzuri wa sura lakini mgumu kama kabati. Kelemen alikuwa anajing'oa nywele. Hermina akamwendea, mpole kuliko nilivyowahi kumwona.

"Bwana Kelemen, yule mwoka mikate. Tazama shingo yake. Tazama anavyowapanga watu bila kupaza sauti. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyekuwa tunamwogopa, si huyu mvulana wako anayekodoa macho."

Kelemen akamtazama Bognár kwa mbali, macho yakamng'aa. Siku ya pili akamwomba.

Bognár alikataa. Ana tanuri, ana mgongo, yeye si mtu wa sinema. Alikataa kwa tabasamu, lakini jasho lilimtoka kiparani, na ilikuwa Oktoba. Kama si mji wake mwenyewe angeponea hapo. Mji ndio uliomsukuma. Klabuni walimtania: "Mzee Vendel, umeogopa manyoya ya jogoo? Jogoo huwali?" Fundi viatu akamwambia, "Au unaogopa utapendeza sana, Rozália akupende upya?" Na mkewe mwenyewe, Rozália, mwanamke mdogo mwenye mikono ya unga, alikuwa na furaha ya mtoto: "Vendel, wajukuu watakuona kwenye pazia la sinema! Mtu hapati bahati kama hii mara mbili." Angekataa zaidi, wangeanza kujiuliza kwa nini. Akakubali.

Nilimvisha mimi. Nilimpa koti la sare, na kabla sijamsaidia, vidole vyake vilikwisha kufunga vifungo vyote kutoka chini kwenda juu, bila yeye kutazama. Nilikuwa nimebandika manyoya kwenye kofia kwa kadiri ya picha mbovu niliyopewa. Alipojiona kwenye kioo, akaivua kofia, akayageuza manyoya upande mwingine, akaivaa tena. Kisha akaniona ninavyomtazama kiooni.

"Nahisi inakaa vizuri hivi," akasema.

"Inakaa vizuri sana, mzee," nikamjibu.

Tulipiga picha mbele ya lango la kiwanda, mchana, jua jeupe lisilo na joto. Watu wa mji walikuwa wamepangwa foleni na nyota zao. Mtoto aliyeigiza kuwa Ilka alikuwa binti wa mwalimu wa pale, Zsófi, mchangamfu, anayemwita Bognár babu na kumwomba maandazi katikati ya kazi. Fáni alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti nyuma ya kamera, mkoba magotini. Hermina alisimama kando yake.

Maelezo yalikuwa mafupi: sajenti anamvua mtoto hereni, mtoto anapita. Mara ya kwanza Bognár aliifanya kama mtu anayekamata nzi. Kelemen akasema rudia. Mara ya pili akaitazama kamera. Rudia. Mara ya tatu hereni ikaanguka, na Zsófi akacheka, foleni nzima ikacheka. Rudia, rudia. Hermina akamnong'oneza Kelemen, "Mwambie anachelewesha. Mwambie treni inangoja." Kelemen akapaza sauti: "Bwana Bognár, hawa watu wanakuchelewesha! Treni inangoja! Wewe ndiye mwenye lango, huelewi?"

Nadhani ni neno lile, lango. Au ni baridi, au hasira ya mtu mzima anayefokewa mbele ya mji wake. Niliona mabega yake yakishuka. Akaacha kuigiza. Akamvuta mtoto karibu kwa kumshika kidevu, akamgeuza uso pembeni taratibu, kama daktari. Kisha akaleta vidole vyake mdomoni, akavipulizia pumzi ya moto, mara moja, mara mbili, akavisugua.

"Usitetemeke, binti," akasema. "Napasha vidole joto. Hutasikia kitu."

Hereni ya kwanza ikatoka. Hereni ya pili ikatoka. Akazitia kwenye mfuko mdogo wa ndani wa koti, mfuko ambao hata mimi niliyelishona upya sikuwa nimemwonyesha.

Zsófi alikuwa halii kwa kuigiza. Alikuwa anamwangalia babu yake wa maandazi, na mkojo ulikuwa unamtiririka kwenye soksi.

Nyuma yangu nikasikia kiti kikianguka. Fáni alikuwa amesimama. "Ilka," akasema. "Hermina, ni yeye. Alimpulizia hivyo hivyo."

Kelemen hakusema kata. Kamera iliendelea kunguruma, na Hermina akaingia ndani ya picha na sare yake ya tramu, kwa maana alikuwa amekuja nayo na siku ile alikuwa ameivaa makusudi. Kwanza alimtoa Zsófi, akamkabidhi kwangu. Kisha akasimama mbele ya Bognár.

"Sajenti."

"Bibi, haya ni maigizo tu."

"Maigizo ya nani? Mimi ndiye niliyeandika kitabu. Kupulizia vidole hakumo. Sikuandika. Hakuna aliyekuambia upulizie."

"Kulikuwa na baridi..."

"Ilikuwa mwezi wa tano, sajenti. Kulikuwa na joto la kuoza maziwa. Dada yangu alikuwa anaitwa Ilka. Ulimpulizia vidole, ukamwambia hatasikia kitu."

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuvua kofia na kwenda zake, na labda hadi leo angekuwa anaoka mikate. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwake, fundi viatu, majirani, Rozália na kikapu chake, na mtu aliyezoea kupendwa hawezi kuvumilia hilo. Akawageukia wao, si Hermina, akapiga kelele kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake:

"Wenzangu walikuwa wanachana masikio! Waulizeni! Walikuwa wanavuta tu, damu mpaka shingoni! Mimi nilipasha vidole! Mimi nilikuwa na huruma!"

Hapo ndipo mji wa Kerekvár ulipomjua mwoka mikate wake. Ficha maradhi, kifo kitakuumbua. Mwanamke mmoja kwenye foleni alianza kuing'oa nyota ya njano kifuani kwake, haraka haraka, kama inamuunguza. Hermina alimtazama Bognár kutoka manyoya mpaka buti, akasema kwa utulivu, "Asante. Imeingia yote," akamwonyesha kamera kwa kidole gumba.

Yaliyofuata yalikuwa ya serikali. Polisi walikuja, mkanda ukachukuliwa, mashahidi wengine wakapatikana, kumi na zaidi, na yale ya kibanda cha hazina yakatoka. Watu wawili walikuwa wamekufa kwa fimbo yake kabla treni haijafika. Kesi ilisikilizwa majira ya baridi. Hermina alihudhuria kila siku, ameketi mstari wa mbele, sare imepigwa pasi, mfuko wa tiketi begani. Jaji alimuuliza kwa nini anavaa hivyo. Akasema, "Ili ajue niko kazini." Bognár alipata miaka kumi na mitano.

Ikabaki filamu. Kelemen hakuwa na amani. Alisema kile kipande ni ushahidi, si sanaa, na tena kuna mtoto. Juu ya mtoto Hermina alikubali, na ndiyo mara pekee niliyomwona ameinamisha kichwa. Alikwenda Kerekvár kwa wazazi wa Zsófi, akakaa nao jikoni, akasema, "Nilimtumia mwanenu kama chambo. Nilijua. Nigombezeni." Mama wa mtoto alimgombeza kweli kweli, na Hermina akasikiliza yote bila kujibu. Kisha walikubaliana uso wa mtoto ukatwe, ibaki mikono na uso wa Bognár.

Rozália alikuja Budapest mwezi wa tatu. Nilikuwa kwa Hermina tunamenya viazi. Alisimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, kama mjane.

"Bibi Grósz, sikujua. Nakuapia kwa wajukuu wangu."

"Huenda hukujua. Karibu ndani."

Hakukaa. "Amefungwa. Atafia humo. Hiyo ni haki, sisemi kitu. Ila uso wake... wasiuonyeshe. Nina wajukuu watatu wanaokwenda shule. Kila mtu atamwona. Wataimbiwa nyimbo barabarani. Wao wana kosa gani?"

Hermina aliendelea kumenya kiazi mpaka kikaisha. Nilitamani aseme ndiyo, naungama hilo. Nilimwonea huruma yule mama.

"Wajukuu wako hawana kosa," Hermina akasema. "Ilka naye hakuwa na kosa. Hana picha hata moja, bibi. Yule mwanamke aliyejifunga aproni ya mama yangu aliziwashia jiko, picha zetu zote. Mdogo wangu hana uso popote duniani isipokuwa humu," akajigusa paji, "na hata humu unafutika. Lakini mume wako atakuwa na uso wake kwenye kila mji wenye sinema. Watu ambao hawajazaliwa watamjua. Hamisha wajukuu kama unaweza. Badilisha majina yao. Sisi hatukupewa hata nafasi ya kubadilisha."

"Huna moyo wewe."

"Ninao. Ndio unaokujibu."

Rozália akaondoka. Hermina akachukua kiazi kingine.

Filamu ilipotoka, Hermina aliomba ionyeshwe Kerekvár wiki ya kwanza kabisa. Nilikwenda naye. Ukumbi ulijaa, kwa maana waliotaka kuja walikuja na wasiotaka waliogopa kuonekana hawakuja. Alikaa mstari wa mbele, na taa zilipozimwa akageuza kiti chake, akalipa pazia mgongo. Filamu yake mwenyewe hakuitazama. Aliwatazama wao, mmoja mmoja, mwanga ukiwapiga usoni. Kipande kile kilipofika, fundi viatu alijifunika uso kwa kofia. "Ondoa kofia, mzee," Hermina akamwambia, kwa sauti ile ile ya tramu. "Wenye kiti wanatazama mbele." Naye akaiondoa.

Kisha akaandika maombi kwa wakubwa wa magereza, mara nyingi, kwa adabu, mpaka nakala ya filamu ikapelekwa kwenye gereza alilofungwa Bognár, ikaonyeshwa wafungwa wote. Mlinzi mmoja alitusimulia baadaye kwamba tangu siku hiyo wafungwa, wezi na waporaji na hata wauaji, kila Bognár akipita walipulizia vidole.

Watu walimuuliza Hermina kama sasa moyo wake umetulia. Hata yule mhariri alimuuliza, hakuwa ameacha tabia yake. "Nani alikuambia nilikuwa natafuta utulivu?" Hermina akamjibu. "Utulivu wanauza duka la dawa. Mimi nilitaka aumie. Ameumia. Nataka aendelee."

Bognár alitolewa kabla ya muda, baada ya miaka tisa, ini limekwisha. Hermina alipata habari, akaniomba nimsindikize. Tulisimama ng'ambo ya lango la gereza, asubuhi, na akatoka mzee aliyenyauka, koti linamning'inia, na shingo ile haipo tena. Hakuna aliyekuja kumpokea. Rozália alikuwa amehamia kwa binti yake, na wajukuu walikuwa na jina lingine.

Alipanda treni ya kwenda Kerekvár. Tukapanda behewa lake. Hermina akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, akamtazama. Bognár alimtambua mara moja. Kituo cha kwanza kikapita, cha pili, cha tatu. Alijaribu kusoma gazeti, akalikunja. Alijaribu kulala, lakini nani anaweza kulala akitazamwa hivyo? Alibadilisha kiti. Hermina akabadilisha kiti.

Mwishowe akasema, sauti yake imekuwa nyembamba kama uzi, "Bibi. Nimelipa. Mahakama imesema nimelipa."

"Mahakama ndiyo uliyoilipa."

"Unataka nini tena kwangu?"

"Hakuna. Nasafiri."

"Utanifuata mpaka lini?"

Hermina akafungua mkoba, akatoa yai la kuchemsha, akaanza kulimenya polepole, maganda akiyaweka kwenye leso.

"Nimechukua likizo yangu yote ya mwaka," akasema. "Na mwakani nina nyingine."

Akala yai lake. Mimi niligeukia dirishani, nikatazama mashamba ya mizabibu yakipita.